"Je, Wajua?": Somo la Kushirikishana Mambo ya Ajabu kwa Uaminifu



Masomo yetu kwa kawaida huhusu maji, mashamba, vikundi vya kuweka na kukopa, au utunzaji wa kumbukumbu za fedha. Robo hii tumechagua jambo ambalo kwa juu juu linaonekana dogo, hata la kuchekesha. Nalo ni ule mtindo wa kutumiana kwa simu mambo ya ajabu, yale yanayoanza kwa maneno "Je, wajua?"

Kila kamati yenye kundi la WhatsApp inayafahamu. Asubuhi na mapema, katibu hajatuma hata ajenda ya kikao, tayari mjumbe mmoja ameandika: "Je, wajua kwamba pweza ana mioyo mitatu?" Mwingine anajibu kwa picha ya kicheko. Wa tatu anauliza kama ni kweli. Wa nne amekwisha kulituma kwa jumuiya yake na kwa shemeji yake aliyeko Mwanza.

Hatuandiki somo hili ili kukataza. Kushangaa pamoja ni jambo jema, na ni la zamani kwetu kuliko simu. Wazee walikaa jioni na watoto, mmoja akasema "Kitendawili!", wengine wakaitikia "Tega!" Lakini mchezo ule ulikuwa na sheria. Aliyetega alipaswa kuwa na jibu. Wenzake wakishindwa walimpa mji, naye akalitoa jibu mbele ya wote, na kila mtu aliweza kuona kama linafaa au halifai. Hakuna aliyeruhusiwa kutega kitendawili asichokijua jibu lake.

Siku hizi tunatega tusivyovijua. Hapo ndipo penye somo.

Kwa nini tumeona haja ya somo hili

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, sisi ofisini tulituma katika kundi la kamati zetu ujumbe tuliokuwa tumeletewa na rafiki. Ulisema: "Je, wajua kwamba kunywa maji kidogo kila baada ya dakika 15 husukuma virusi tumboni na kuviua?" Tuliutuma kwa nia njema. Ulikuwa mfupi, ulikuwa na namba, na maji hayamdhuru mtu. Hakuna kati yetu aliyemuuliza hata muuguzi wa zahanati iliyo jirani na ofisi.

Wiki mbili baadaye tulitembelea kigango kimoja ambako tulikuwa tumesaidia kuweka vibuyu chirizi nje ya kanisa na shuleni. Vile vya kanisani vilikuwa vikavu. Mama mmoja mtu mzima alitueleza kwa upole kwamba hakuona tena haja ya kunawa kila mara, kwa kuwa alikuwa akinywa maji kama tulivyoelekeza. Alitumia neno hilo hilo: kama mlivyoelekeza.

Ujumbe ule haukuwa wa kweli. Virusi vya korona hushambulia njia ya hewa, na funda la maji haliviondoi huko. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuwaeleza watu kwamba kunywa maji hakuzuii maambukizi. Tuliomba radhi kundini siku ile ile, na vibuyu vikajazwa.

Tulidhani yamekwisha. Mwezi uliofuata tulipeleka taarifa ya mapato na matumizi ya kisima cha kigango hicho. Mweka hazina wao, mtu mtulivu asiyesema mengi, aliinua mkono akasema: "Ndugu zangu, kama lile la maji mlilituma bila kulichunguza, hizi hesabu nazo tuzipokee vipi?"

Hesabu zilikuwa sahihi. Hata hivyo ilitubidi kurudi na stakabadhi zote na kuzisoma moja moja mbele ya kikao, na michango ya ukarabati wa pampu ilisimama kwa miezi miwili. Hatukumlaumu mweka hazina. Simu iliyoleta uongo wa maji ndiyo iliyoleta picha za kisima na jumla ya fedha. Watu hawana mizani miwili, mmoja wa mambo ya mchezo na mwingine wa mambo ya kazi. Wanatupima kwa mmoja.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili tunatumaini kila mjumbe ataweza:

(a) kueleza kwa nini jambo la ajabu husambaa haraka kuliko jambo la kawaida;

(b) kutofautisha jambo la uongo, jambo la nusu ukweli, na jambo la kweli lililokatwa sehemu yake;

(c) kufuata hatua nne kabla ya kutuma ujumbe wa "Je, wajua?" kwa marafiki.

Kwa nini la ajabu hukimbia

Watafiti watatu wa chuo cha MIT nchini Marekani, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichunguza habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa katika mtandao wa Twitter, ambao siku hizi unaitwa X, kati ya mwaka 2006 na 2017. Zilikuwa habari ambazo wakaguzi walikuwa wamekwisha kuzipima na kusema ni za kweli au za uongo. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutumwa tena, kwa asilimia 70 zaidi ya ile ya kweli. Habari ya kweli ilichukua muda wa mara sita hivi kuwafikia watu 1,500.

Wengi wangedhani kwamba kazi hiyo hufanywa na mashine. Watafiti wakaziondoa mashine katika hesabu, na matokeo hayakubadilika. Ni watu. Sababu moja waliyoipendekeza ni upya: uongo ulikuwa mgeni zaidi masikioni na ulileta mshangao zaidi, na mtu akishangaa hutaka mwenzake naye ashangae.

Hivyo basi, tujitazame sisi wapenzi wa "Je, wajua?" Ujumbe wetu hauna kazi nyingine ila kushangaza. Kile kinachotufanya tuupende ndicho kinachoubeba uongo. Ni lazima tuwe waangalifu zaidi ya msomaji wa habari za kawaida.

Tuchukue sasa mifano mitatu ambayo wengi wenu mmekutana nayo.

Mfano wa kwanza: Ukuta wa China na mwezi

"Je, wajua kwamba Ukuta Mkuu wa China ni kitu pekee kilichojengwa na binadamu kinachoonekana kutoka mwezini?" Jambo hili limeandikwa hata katika vitabu vya shule vya nchi mbalimbali. Si kweli.

Kulipima hakuhitaji chombo cha angani. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Ukuta ni mrefu sana, lakini upana wake kwa sehemu kubwa haufiki mita 10. Ukifanya hesabu, kuuona kutoka mwezini ni sawa na kuona unywele mmoja ulionyoshwa umbali wa kilomita tatu na zaidi. Tena ukuta una rangi inayokaribiana na ya milima inayouzunguka. Urefu wa unywele hausaidii kitu kama upana wake hauonekani.

Mwaka 2003 Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda angani kwa chombo cha nchi yake, aliulizwa kama aliuona ukuta. Naye hakuwa mbali kama mwezini, alikuwa akiizunguka dunia kwa karibu. Alijibu kwamba hakuuona.

Jambo la kutafakari ni umri wa uvumi huu. Mchoraji Robert Ripley wa Marekani, aliyejipatia umaarufu kwa kuchora mambo ya ajabu magazetini, alilitangaza jambo hili katika miaka ya 1930. Binadamu wa kwanza alifika mwezini mwaka 1969. Watu walikuwa wakilisema na kuliamini kabla ya kuwapo mtu yeyote aliyekwenda kutazama. Kuna methali isemayo "lisemwalo lipo, na kama halipo laja". Methali hiyo ina mahali pake, lakini hapa haituokoi. Hili lilisemwa, halikuwapo, na wala halikuja.

Mfano wa pili: Maji ya moto na kijana wa Magamba

"Je, wajua kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko maji ya baridi, na Mtanzania ndiye aliyeligundua hilo?" Ujumbe huu hutumwa kwa fahari, na fahari hiyo ina msingi wake.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza askrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo na kila mmoja aliiwania. Mpemba hakusubiri maziwa yake yapoe, akayaingiza yakiwa bado ya moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi alikuta yake yameganda, na ya mwenzake aliyeweka ya baridi bado ni uji.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mara hii akafanywa kichekesho cha darasa. Kila alipokosea hesabu waliita "hesabu za Mpemba". Ndipo akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lake. Wenzake wakacheka. Dk. Osborne alikuwa na mashaka, lakini hakumcheka, na aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe katika maabara. Fundi wa maabara alileta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Walirudia, na matokeo yakawa yale yale. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, Moshi. Jina lake limebaki: duniani kote jambo hilo huitwa "athari ya Mpemba".

Hadi hapo ni kweli tupu. Tatizo liko katika maneno "huganda haraka", kana kwamba ni kila siku na kila mahali. Si hivyo. Mara nyingi maji ya baridi hutangulia kuganda, kama ambavyo mtu angetegemea. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu ya athari hiyo, na watu zaidi ya 22,000 walituma majibu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima tena kwa makini na hawakupata ushahidi wa kuitegemea. Walionyesha kwamba kupishana kwa sentimita moja hivi katika kuweka kipimajoto kunaweza kumfanya mpimaji aone athari ambayo haipo. Wengine wameendelea kuichunguza, na mjadala haujafungwa.

Nusu ukweli ina gharama yake. Kikundi cha akina mama wanaouza barafu kikiliamini jambo hili bila maelezo, kitachemsha maji kila siku, kisha kitalipia umeme wa kuyapoza. Tunawaomba msiache kuitangaza habari ya Mpemba. Itangazeni yote, pamoja na neno "wakati mwingine" na "wataalamu bado wanajadiliana". Sehemu iliyo nzuri zaidi haimo hata katika ule ujumbe mfupi. Kijana alichekwa, akaendelea kuuliza, na mkubwa mmoja akaona afadhali apime kuliko kucheka.

Mfano wa tatu: Vita ya dakika 38

"Je, wajua kwamba vita fupi kuliko zote duniani ilipiganwa Zanzibar, ikaisha kwa dakika 38?" Chini yake huwekwa alama za kicheko, na mtu huandika: "Hata chai haijapoa!"

Vita hiyo ilikuwapo. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash aliingia katika kasri na kujitangaza sultani. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, wakampa Khalid muda wa kuondoka mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 Agosti. Hakuondoka. Dakika mbili baada ya saa 3, manowari zilizokuwa bandarini zikaanza kupiga mizinga. Muda wa vita hutajwa kuwa kati ya dakika 38 na 45, kutegemea mtu anahesabu mwanzo na mwisho kwa tukio gani.

Ujumbe wa kwenye simu huishia kwenye dakika. Hautaji kwamba ndani ya kasri, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mbao, walikuwamo walinzi, watumishi na watumwa. Watu karibu 500 wa upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishwa mbali, na hatimaye akafia Mombasa mwaka 1927.

Hapa hakuna uongo wa kusahihisha. Kuna kitu kilichokatwa, nacho ni watu. Wapo wana wa Unguja hadi leo ambao wazee wa wazee wao walikuwa mjini asubuhi ile. Kabla ya kutuma jambo linalochekesha, tujiulize kama ndani yake umo msiba wa mtu. Ukiwamo, usifichwe. Tuma idadi ya dakika pamoja na idadi ya watu, na utaona kwamba hakuna atakayeweka alama ya kicheko.

Pale jambo dogo linapogusa uhai

Ukuta wa China haukumwua mtu. Lakini mkono uliozoea kutuma ya ukuta bila kupima ndio utakaotuma ya dawa.

Mwezi wa Julai 2014 ugonjwa wa Ebola uliingia Nigeria. Mwezi uliofuata ujumbe ulisambaa kwa simu, ukiwahimiza watu kuoga na kunywa maji ya chumvi ili kujikinga. Ulikuja kama ule wetu wa 2020: mfupi, rahisi, kutoka kwa rafiki, na chumvi iko katika kila jiko. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari, likataja taarifa za vyombo vya habari kwamba watu wasiopungua wawili walikuwa wamekufa kwa sababu ya kunywa maji hayo. Chumvi nyingi hunyonya maji kutoka katika mwili, na mwenye shinikizo la damu yuko hatarini zaidi. Waliokufa hawakuuawa na Ebola. Na waliowatumia ujumbe walikuwa watu wanaowapenda.

Hatua nne kabla ya kutuma

*Hatua ya kwanza: Simama.* Kadiri jambo linavyokushangaza, ndivyo usimame zaidi. Tazama juu ya ujumbe. Tangu mwaka 2018 WhatsApp huweka alama juu ya ujumbe ambao umetumwa tena kutoka mazungumzo mengine. Ukiona mishale miwili, ujue umekwisha kupita mikono mingi, na aliyekuletea si aliyeuandika.

*Hatua ya pili: Uliza nani alisema, na alijuaje.* "Wanasayansi wamegundua" si jina la mtu. "Utafiti unaonyesha" si mahali. Jambo la kweli kwa kawaida lina mtu, mahali na mwaka, kama lilivyo la Mpemba: Magamba, 1963. Kuuliza si ujinga.

*Hatua ya tatu: Pima.* Tumia kwanza hesabu yako mwenyewe, kama tulivyofanya kwa unywele. Kisha muulize anayejua. Parokia zetu zina walimu, wauguzi na mabwana shamba, na wengi wao hufurahi kuulizwa. Tafuta katika sehemu mbili ambazo hazikunakiliana. Ujumbe ule ule ukija mara kumi kwa maneno yale yale, hao si mashahidi kumi, ni shahidi mmoja aliyerudiwa.

*Hatua ya nne: Tuma pamoja na mipaka yake, na ukikosea, rudi.* Andika "wakati mwingine" pale inapostahili. Andika ulikolipata. Ukigundua kwamba halikuwa kweli, usilifute kimyakimya. Lisahihishe katika kundi lile lile, kwa maneno ya wazi, mahali watakapoliona wale walioliona la kwanza.

Namna ya kumsahihisha mwenzako

Kamati nyingi zimetuambia kwamba hapa ndipo pagumu. Aliyetuma huenda ni mzee wa kanisa au mwenyekiti mwenyewe, na kijana anayejua kwamba si kweli huona haya kusema. Wengine husema kwa kejeli, na mzee hujitoa kundini.

Tunashauri hivi. Mfuate pembeni kwanza, kwa simu au ana kwa ana: "Shikamoo mzee. Lile la asubuhi limenifurahisha, nikalitafuta zaidi, na nimekuta limeelezwa tofauti. Naomba nikuonyeshe." Mpe nafasi alisahihishe mwenyewe, ili heshima ibaki kwake. Jambo likihusu dawa, chakula au usalama wa watoto, usisubiri. Sema kundini mara moja, kwa adabu, kisha umpigie. Nawe mkubwa uliyesahihishwa, shukuru mbele ya wote. Neno "asante, nilikosea" kutoka kwa mwenyekiti hufundisha kundi zima kuliko semina ya siku mbili.

Mambo manne mnayoweza kutuma leo

Tusiwaache mikono mitupu. Haya yamekwisha kupimwa:

1. Pweza kweli ana mioyo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye mashavu yake ya kupumulia na mmoja huisambaza mwilini. Damu yake ina rangi ya samawati kwa kuwa hubeba hewa kwa msaada wa madini ya shaba, tofauti na yetu inayotumia chuma.

2. Shingo ya twiga, pamoja na urefu wake wote, ina mifupa saba tu, sawa na shingo ya binadamu.

3. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Ndilo lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, na la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi.

4. Samaki aitwaye silikanti alidhaniwa ametoweka duniani zamani sana, pamoja na wale wanyama wakubwa wa kale waitwao dinosaria. Mwaka 1938 alipatikana akiwa hai katika pwani ya Afrika Kusini. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanga nao wamewanasa kadhaa, na leo Tanga kuna hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo.

Msituamini kwa sababu tumesema. Mmekwisha kuona tulivyokosea mwaka 2020. Yapimeni, kisha yatumeni.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kila mjumbe afungue simu yake na kusoma "Je, wajua?" ya mwisho aliyoituma. Je, ana jibu akipewa mji?

2. Katika parokia yetu, ni nani tunayeweza kumuuliza kuhusu afya, kilimo, historia na fedha kabla hatujatuma?

3. Je, kundi linalotangaza michango na hesabu liwe ndilo linalotumika kwa mambo ya kufurahisha, au tuwe na makundi mawili? Toeni sababu.

4. Mweka hazina wa kile kigango alikuwa na haki ya kuuliza alivyouliza? Kamati yenu ingemjibu nini?

Kwa kumalizia

Ndugu wafadhili, huenda mlitegemea kusoma habari za visima na madarasa, nasi tumewaandikia habari za pweza na ukuta wa China. Tumefanya hivyo kwa sababu fedha mnazotuma hutufikia kwa kuaminiwa, na taarifa mnazozipokea kutoka kwetu huwafikia kwa kuaminiwa. Imani hiyo hujengwa na kubomolewa katika mambo madogo, siku ambazo hakuna mkaguzi.

Pampu ya kile kigango imekwisha kutengenezwa. Mweka hazina yupo bado, na kila tunapotuma jambo la kushangaza kundini yeye huwa wa kwanza kujibu. Huandika neno moja tu: "Chanzo?" Siku hizi huwa tunacho.